Kima Yuko, Kima Iko

Jamani, leo nimeadhirika. Tena mubashara, mbele ya watu waliotoa pesa zao.

Nawasimulia mwenyewe kabla hamjaletewa ile video na wambea (najua wengine mshaiona, nyamazeni wenzenu nao wapate kusikia).

Kwa wasionijua, mimi ni Rukia, fundi cherehani hapa Malindi. Mambo ya wanyama sikuyatafuta. Niliitwa kupima madirisha ya mapazia kwa tajiri mmoja mwenye shamba la ukuta mrefu, upande wa Mnarani. Nikapotea njia ya msalani, nikatokea nyuma. Lahaula. Vizimba. Kasuku, kobe, nyoka wa rangi ambazo sijawahi kuziona hata kwenye vitambaa. Anawazalisha kama kuku, watoto wanapokonywa mama zao wangali wachanga, wanasafirishwa kwenda kuwa mapambo ya sebule za watu. Na pale mwisho palikuwa na kima mdogo, mnyororo shingoni, amejikunja kwenye pembe. Akanitazama. Nikampiga picha, nikaondoka na futi yangu mkononi na hata madirisha sikuyamaliza.

Picha ile nikaiweka mtandaoni. Yule kima nikamwita Tunu. Rafiki yangu Kadzo, ambaye kwao ni Marafa na ana mdomo wa kuuza maji baharini, akafungua ukurasa wa mchango: Okoa Kima. Tumlipe wakili apinge kibali cha yule tajiri cha kupanua shamba. Watu wakatoa. Kilifi, Mombasa, Uarabuni, kila mtu na alichojaliwa. Kesi inasikilizwa wiki ijayo.

Sasa mjue jambo moja. Mimi ni mwoga. Mwoga wa kuzaliwa, hata jogoo akinifuata natembea upesi. Na tajiri yule ananijua na kwangu anapajua, maana dereva wake alikuja kuchukua vipimo. Wiki iliyopita nilipata ujumbe kutoka namba ngeni: "Shona nguo zako, achana na wanyama wa watu." Tangu hapo silali vizuri. Gari la vioo vyeusi likipita mtaani, miye niko chini ya meza ya kukatia nguo, najifanya natafuta sindano.

Basi. Kesho tunauza sambusa kuongeza mchango. Nikatangaza kwenye ukurasa, kwa majivuno yangu, kwamba kwa heshima ya wanyama hatutauza nyama. Sambusa zitakuwa za mboga. Watu wakanisifu mpaka nikavimba kichwa.

Mama yangu akasoma. Akavua miwani.

"Sambusa ya kabeji," akasema, "ni sambusa hiyo ama ni adhabu?"

"Mama, tunatetea wanyama."

"Tetea. Nani kakukataza?" Akasonya. Kisha akaniambia simu yake haina chaji, nimpe yangu ampigie mtu. Nikampa. Akaenda nayo uani, akazungumza kwa sauti ya chini (ningejiuliza, lakini nilikuwa nakata kitenge cha watu na kitenge cha watu hakina msamaha).

Leo adhuhuri mama yuko chumbani anaswali. Mimi niko kwenye cherehani. Simu ikalia. Namba siijui.

Nikaitazama. Ikakata. Ikalia tena. Nikapokea.

"Hapo ni kwa wenye kima?" Sauti nzito, ya mwanamume. Nyuma yake nasikia chuma kinasagana.

Nikaacha kushona. "Nani mwenzangu?"

"Wewe ndiye wa kima ama siye?"

"Ndiye," nikasema. Kwa nini nilisema ndiye, Mungu ndiye ajuaye.

"Basi kima yako iko hapa kwangu."

Jamani. Na mimi nina ugonjwa wangu: nikiogopa sana, huwa narekebisha watu lugha. Marehemu bibi yangu aliyetoka visiwani ndiye aliyenilea hivyo. Ukikosea ngeli kwake hupati chai.

"Yuko," nikamwambia.

"Nini?"

"Kima yuko. Si iko. Ni kiumbe hai."

Nikasikia kile chuma kimezimwa.

"Dada," akasema pole pole, "hii si hai. Hii nishaisaga."

Nikaishika ile simu kwa mikono miwili.

"Mifupa nimetoa yote," akaendelea, wala hana haraka. "Naileta huko kwenu sasa hivi. Geti la kijani, si ndiyo? Na msiwe na wasiwasi, italetwa kimya kimya."

Akakata.

Wapenzi, nililia. Silii kwa mchezo, nililia kwa hofu na uchungu. Nilimwona Tunu amejikunja kwenye pembe yake. Nikajiambia ni mimi niliyemuua, ningeshona mapazia yangu nikanyamaza angekuwa mzima. Na sasa wanamleta kwa geti la kijani, na baada ya Tunu ni zamu yangu.

Nikafunga mlango kwa komeo. Nikasukuma cherehani ikazuia mlango (ile nzito, ya chuma, ambayo siku zote husema siwezi kuisukuma). Nikampigia Kadzo, nikamwambia maneno matatu: "Wamemuua. Wanakuja." Kisha nikaingia ukurasani, nikaenda mubashara.

Sitaki kuyarudia niliyosema. Mnayo. Nilisema "ndugu zangu, kama hamtaniona tena." Nilisema deni langu la uzi lilipwe. Nilisema walionitisha ni akina nani, na jina la tajiri nilibakiza herufi moja tu kulitaja. Watu wakamiminika. Inna lillahi. Usifungue mlango. Tunakuja. Mmoja aliye Uarabuni akaandika niingie chini ya kitanda, na nilipomsoma nilikuwa tayari chini ya kitanda.

Nje nikasikia pikipiki. Ikazima getini.

Halafu nikasikia sauti ya Kadzo. Alikuwa amekuja na mtaa mzima. Majirani wote, mwenye mwiko, mwenye mchi, na mzee wa nyumba ya pili amebeba ngazi (hakuna aliyejua ya nini, hata yeye). Nikatoka chini ya kitanda na simu yangu mkononi, bado niko mubashara, nikachungulia dirishani. Wamemzunguka mtu. Mtu mnene, amevaa koti jeupe lenye damu. Mkononi ana mfuko wa khaki, na mfuko umelowa kwa chini.

"Una nini humo?" Kadzo akamkaripia.

"Ni kima!"

Mtaa mzima ukamsogelea. Jirani mmoja akampiga mwiko wa bega.

"Unanipigia nini? Nimetumwa!" akalia yule mtu. "Nimetumwa na wenyewe!"

"Umetumwa na nani?"

"Na mwenye nyumba hii!"

Nikaona huo ndio uongo mkubwa kabisa. Hapo woga ukaniruka, sijui ulienda wapi. Nikavuta cherehani, nikafungua komeo, nikatoka na kanga moja kichwani na nyingine mkononi. Watu wakanipisha. Nikamwendea yule muuaji, nikamnyooshea mikono.

"Nipe," nikamwambia. "Nipe nimsitiri."

Akanipa. Nikaupokea mfuko kwa kanga, nikaukumbatia kifuani. Ulikuwa na baridi. Nikainua simu, machozi yananitiririka, nikawaambia wachangiaji wetu, "Tunu wetu ndiye huyu." Wanawake wakaangua kilio. Yule mzee akavua kofia. Mimi nikaanza kuuliza wapi tumzike, chini ya mwarobaini ama nyuma ya tangi la maji.

Ndipo mama akatoka ndani, tasbihi mkononi. Akatazama watu. Akatazama ngazi. Akanitazama mimi.

"Rukia," akasema, "hiyo nyama yapata joto. Itie ndani."

"Nyama gani, mama?"

"Kima niliyoagiza buchani. Ya sambusa."

Kwa ndugu zetu wa bara ambao hamjaelewa: huku kwetu kima ni mnyama, na kima pia ni nyama ya ng'ombe iliyosagwa. Mimi nimekula kima tangu sina meno. Lakini miezi hii yote naamka na Tunu na kulala na Tunu, neno lile kichwani mwangu lilibaki na maana moja. Na yule maskini ni muuza nyama mpya wa sokoni, alipiga ile namba iliyompigia, na ile kimya kimya yalikuwa maagizo ya mama. Kima yake ilikuwa iko. Ngeli aliipata. Mimi ndiye niliyemrekebisha.

"Mama," nikanong'ona, "tulisema mboga."

"Wewe ulisema. Mimi nilinyamaza." Kisha akaiona simu, akadhani ni mtu mmoja anayepiga, akaisogelea kwa adabu zote. "Hujambo mwanangu? Kesho njooni, zitakuwa za nyama."

Nilisahau kuzima. Nilisimama pale na kilo za nyama kifuani, mubashara, watu wananitazama kutoka nchi nilizozisikia kwenye redio tu. Maoni yakaanza kupanda. "Pole kwa msiba, mtatia pilipili?" "Arobaini ni lini, tuje na chai?" "Marehemu alikuwa na mafuta kiasi gani?" Mwingine akatuma mchango, akaandika ni wa vitunguu. Kadzo alikaa chini kwenye vumbi akacheka mpaka akashikwa na kwikwi. Muuza nyama aliombwa radhi, akapewa maji, akasema bega linamuuma, akakataa kuondoka.

Lakini si wote waliocheka. Dada mmoja, mchangiaji wa tangu mwanzo, akaandika kwamba alitoa pesa zake kwa ajili ya wanyama, na leo ameona nyama na uongo, na anataka arudishiwe. Nilimwandikia samahani, nikafuta, nikaandika tena.

Jioni wakili akapiga simu. Yeye hakucheka hata kidogo. Akaniuliza kama ule ujumbe wa kunitisha bado ninao, nikamwambia ninao. Akasema vizuri, niutunze. Kisha akasema, "Bi Rukia, na yule tajiri naye anayo hiyo video. Mtu akitaka kukufanyia ubaya, sasa ndio wakati mzuri. Ukilia, watadhani ni kima tena."

Tangu hapo nimekaa hapa. Mama yuko jikoni anakaanga nyama na kitunguu, harufu yajaza nyumba, na njaa ninayo lakini sijaenda kuonja. Tunu yuko hai. Mtu wa ndani ya shamba amemthibitishia Kadzo hivyo, bado yuko kwenye kile kizimba na mnyororo wake. Kesi bado ipo. Na lile gari la vioo vyeusi limepita hapa nje muda si mrefu, likapunguza mwendo kwenye geti letu, likaenda. Sikumwambia mtu. Ningeanzia wapi?

Kwa hivyo chekeni, wapenzi, sikatazi. Chekeni leo mmalize. Lakini siku nikipiga yowe tena, nawaomba, njooni kwanza ndipo muulize ni kima gani.