Kibali cha Kuelea

Idara ya Ulinzi wa Maji Tulivu ina furaha kubwa kuutangazia umma kwamba ziwa letu sasa liko salama. Tangu kanuni mpya za boti za starehe zianze kutumika, hakuna boti ya mwananchi hata moja iliyoligusa. Mafanikio haya hayakuja hivi hivi. Mimi, Afisa Vibali Daraja la Pili, nimeyatolea jasho.

Kanuni zenyewe ni nyepesi. Boti ya starehe ni kitu chochote kinachoelea ziwani zaidi ya dakika kumi bila kuvua wala kubeba mzigo. Mwenye boti hujaza Tamko la Athari kwa Samaki, akieleza ni samaki gani watakaosumbuka na kwa kiasi gani. Kisha boti hukaguliwa ikiwa majini. Bila ukaguzi hakuna kibali, na bila kibali boti haiingii majini. Wananchi wengine wanaona hapo pana mkanganyiko. Sisi tunaona pana ajira.

Miongoni mwao ni fundi cherehani mmoja, mama mtu mzima, aliyekuja ofisini kwangu miezi saba mfululizo. Yeye na mumewe wameunda boti ndogo ya makasia kwa mikono yao, nyuma ya nyumba, miaka minne. Macho ya mumewe yanafifia. Daktari amesema mwaka ukiisha hataona kitu, na mzee anataka kuliona ziwa akiwa katikati yake, basi.

"Mwanangu, mwaka ndio huo unakwisha," alinisihi.

"Mama, suala lako linafanyiwa kazi."

"Na nani?"

Swali hilo halimo kwenye fomu, kwa hiyo sikulijibu. Nilimwonea huruma, sifichi, lakini huruma haina mhuri.

Boti ya Mkurugenzi wetu haihitaji kibali kwa sababu inafanya utafiti. Ina injini mbili, spika nne, na friji ya vinywaji vya utafiti.

Juma lililopita tulifanya sherehe ya Ziwa Tulivu. Mkurugenzi alitoka na boti yake, peke yake, ili atuhutubie akiwa hatua thelathini kutoka ufukweni. Alipofika kwenye neno uwajibikaji akasimama kutunyooshea kidole, injini ikashtuka, naye huyo, chubwi. Koti la kuokolea lilimshika vizuri. Boti ikaendelea na utafiti yenyewe mpaka kwenye matete ya ng'ambo.

Fundi cherehani alikuwepo ufukweni na mzee wake, boti yao juu ya mkokoteni, kwa kuwa nilimwambia aje aone kama mkaguzi atatokea. Hakutokea.

"Mleteni huyo mama na boti yake," Mkurugenzi akaagiza kutoka majini.

"Mheshimiwa, haina kibali."

"Mpe."

"Haijakaguliwa majini, Mheshimiwa."

"Wewe mtu una akili timamu kweli? Nimesema mpe."

Agizo la mdomo linataka mashahidi, na pale palikuwa na watu mia mbili wanaojikaza wasicheke. Nikagonga mhuri. Nikamsomea mama masharti: mwendo wa taratibu, hakuna kuimba, na abiria asizidi mmoja, samaki wasije wakapata msongo wa mawazo. Kifungu cha abiria alikiandika Mkurugenzi kwa mkono wake.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Boti ikashushwa, akamshika mzee mkono, akamketisha mbele, akachukua makasia.

Walipomfikia Mkurugenzi, akanyoosha mkono. "Mama, nipandishe."

"Ningependa, baba, lakini abiria wangu ndiye huyu. Kibali nimekihangaikia miezi saba, nisije nikakivunja siku ya kwanza."

"Sasa mimi je?"

"Suala lako linafanyiwa kazi," mama akamwambia kwa adabu, akapiga kasia.

Walikaa katikati ya ziwa muda mrefu. Mzee alikuwa akionyesha kitu kimoja kimoja kwa kidole, na mkewe anaitikia. Mimi nilikuwa natazama saa. Ilipotimia dakika ya kumi na moja, Mkurugenzi alikuwa bado anaelea, havui, habebi mzigo. Nikatoa fomu mpya, nikasogea mpaka maji yakaniloa viatu, nikamwuliza kwa heshima zote ni samaki gani anaowasumbua, na kwa kiasi gani.