Mgeni Rasmi wa Barakoa

Gaspar alilisikia tangazo akiwa kwenye kiti cha kinyozi, Sinza, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado. Redio ilisema shule zinafunguliwa na kila shule ijipange: maji tiririka na sabuni getini, barakoa darasani kwa mwanafunzi na kwa mwalimu. Kinyozi alisikitika, akasema watoto wake hata sare hazijatosha, sasa hizo barakoa atazitoa wapi. Gaspar hakusikitika. Watu wengine wakisikia janga wanakimbilia malimao na tangawizi, yeye anakimbilia kutengeneza kichwa.

"Nimalizie haraka, braza," alisema. "Taifa linaniita."

Niseme mapema, huyu Gaspar si jambazi. Jambazi ana panga, Gaspar ana mdomo na suti ya kijivu. Kwa mdomo huo aliwahi kumuuzia mtu kiwanja Kigamboni ambacho bahari ikijaa unavua samaki sebuleni, na mnunuzi akamshukuru kwa kumpunguzia bei. Kwa hiyo mtu wa namna hii ukinieleza kwamba siku moja alishindwa kula wala kulala, nitakuuliza: polisi wamempata? Hapana. Alikuwa amependa.

Aliyependwa ni Sekela, mwenye saluni Mwananyamala, binti wa Kinyakyusa anayecheka mpaka wateja wake wanasahau kuuliza bei. Sekela mwenyewe alishakubali. Tatizo lilikuwa Mzee Mwaipopo, baba yake mdogo, mlezi wake, mtu wa maneno machache na masharti mengi. Mzee alisema washenga waje Jumamosi na mahari yote. Si nusu, si ahadi, si "tutamalizia". Kuna bwana mwingine, wa kampuni ya mizigo ya bandarini, naye barua yake ya posa ilikuwa imeshafika, na kwa mujibu wa shangazi yake Sekela ilikuwa na mwandiko mzuri sana.

Gaspar alikuwa na nusu. Nusu hiyo alikuwa nayo kwenye bahasha, mfuko wa ndani wa koti, na usiku alilala nayo chini ya mto. Benki hakuipenda kwa sababu benki wanapenda kuuliza. Simu nayo hakuiamini, maana laini zake alizibadilisha mara nyingi kuliko soksi. Ile nusu nyingine ndiyo aliyoisikia ikitangazwa redioni pale kwa kinyozi.

Kesho yake alikuwa Mbagala, ofisini kwa Madam Jovina, mmiliki wa shule ya Tumaini Jema. Madam Jovina ni mama wa Kihaya aliyeanzisha shule kwenye ua wa nyumba yake, darasa moja baada ya jingine, mpaka siku moja akagundua kwamba nyumba yenyewe haionekani. Shule ilikuwa imefungwa muda mrefu, ada haziingii, na rangi ya ukutani ilikuwa inabanduka.

"Shikamoo, Madam. Mie ni mratibu wa Pumua Salama, kanda ya pwani."

"Marahaba. Pumua Salama ndio kina nani?"

"Ndio sie tunaohangaika na afya za watoto, Madam."

Pumua Salama ilizaliwa jana yake, na ofisi zake zote zilikuwa ndani ya suti ile ya kijivu. Gaspar alitoa sampuli na kuiweka mezani kwa mikono miwili, taratibu, kama anayeweka mtoto mchanga. Ilikuwa barakoa ya bluu, inang'aa, na pembeni imedariziwa nembo ya Tumaini Jema.

"Naomba nikuulize, Madam. Sare za shule anauza nani?"

"Tunauza wenyewe hapa."

"Sweta?"

"Hapa hapa."

"Soksi?"

"Mzazi akinunua nje, mtoto anarudishwa nyumbani. Sisi ni shule ya viwango."

"Sasa, Madam, soksi ambazo hakuna anayeziona mnauza wenyewe, halafu uso wa mtoto mnawaachia machinga?"

Madam Jovina alivuta kiti karibu na meza. Akaichukua ile barakoa, akaisugua kwa vidole.

"Hii si bitana ya koti?"

"Ni kitambaa cha kitabibu, Madam. Watu wa makoti ndio wameiga."

Akaivaa. Akavuta pumzi, bitana ikamnata puani. Akaitoa haraka.

"Mbona haipitishi hewa?"

"Hewa ndiyo inayoleta ugonjwa, Madam."

Hapo mtu yeyote mwenye akili timamu angeita mlinzi. Madam Jovina hakuita mlinzi. Aliinua macho kwenye dari, akayashusha, kisha akauliza lile swali ambalo kwa masikio ya Gaspar ni tamu kuliko kinanda cha kanisani: "Na cha juu changu kiko wapi?"

Gaspar alijua amelamba dume. Alieleza mpango wote bila kuficha, maana mwizi mwenzako unamficha nini. Wazazi watachangishwa mapema, fedha itaingia, yeye atachukua lake na Madam lake, na barakoa zitakuja zitakapokuja. Madam alitikisa kichwa.

"Wazazi wangu ni wabishi. Nikiwaambia mimi, wataanza kuuliza ada ya muhula ambao hatukusoma. Lakini Alhamisi nina kikao. Nikiwaletea mgeni rasmi akasema nao, watatoa hapo hapo. Kapu linajaa, linaletwa ofisini, sisi wawili tunafunga mlango." Akamkagua kuanzia viatu. "Wewe unafaa kuwa mgeni rasmi."

Jamani, sijui kuna ugonjwa gani katika maneno hayo mawili. Mtu mzima mwenye akili zake, mwambie "mgeni rasmi" tu, shingo inarefuka. Gaspar maisha yake yote alikuwa ameitwa majina mengi, la heshima kuliko yote likiwa "mtuhumiwa". Aliposikia hili, akaomba arudiwe. Na kwa raha hiyo akasahau kitu ambacho hata muuza vitumbua wa Mbagala anakijua: mgeni rasmi haalikwi kwa ajili ya hotuba.

Alhamisi ilifika. Turubai lilifungwa uwanjani, viti vikaachanishwa kama wataalamu walivyoagiza, ndoo za maji zikapangwa getini. Wazazi walikaa wamevaa barakoa za kila aina, za vitenge, za kununua barabarani, na bibi mmoja alijifunga kanga tu. Gaspar alivishwa shada la maua, akaketishwa kwenye kiti chenye kitambaa cheupe. Walimu walimwimbia wimbo wenye jina lake kila mstari, na yeye akawa anaitikia kwa kichwa, macho yamelowa kidogo.

Kipaza sauti kilishikwa na Mwalimu Mwinshehe. Huyu wiki nzima ni mwalimu wa darasa la nne, mwisho wa wiki ni MC wa harusi. Lakini harusi zilikuwa zimesimama kwa sababu ya ugonjwa, na mtu alikuwa hajashika maiki miezi kadhaa. Alivyoishika siku ile, hata Madam Jovina alimwonea huruma.

Gaspar alihutubia. Aliongea juu ya mapafu, akaongea juu ya kesho ya taifa, akainua ile barakoa ya bitana juu ili wazazi wote waione ikimeremeta. Makofi yalipigwa. Kapu likawekwa mezani, mbele yake kabisa.

"Ndugu wazazi," Mwinshehe alisema, "maneno tumeyasikia. Sasa mgeni wetu hakuja kutupa maneno matupu. Nani amemwona mgeni rasmi akiondoka bila kutia mkono?"

"Hatujamwona," wazazi waliitikia.

Gaspar alitabasamu nusu. Madam Jovina alimwinamia sikioni. "Anza wewe, wafunguke. Si kapu lote ni letu?"

Kweli kabisa, Gaspar aliwaza, kuweka kapuni ni kama kutoa mfuko huu na kutia ule. Akatoa noti kidogo akaziweka kwa madaha. Wazazi wakaanza kusogea, mmoja mmoja, kapu likaanza kupata sura. Akaja Bi Hamisa, muuza maandazi wa pale nje, akafungua pindo la kanga na kuweka fungu lake.

"Simama hapo hapo, Bi Hamisa," Mwinshehe alisema. "Wazazi, macho yangu ni ya uzee au mama wa maandazi amempita mgeni rasmi?"

"Amempita."

"Na mgeni rasmi amekasirika?"

"Hajakasirika."

"Basi kwa nini asiongeze?"

Gaspar akaongeza. Kila alipoongeza wazazi walipiga vigelegele na wao wakaongeza, na kila walipoongeza yeye aliona Jumamosi inamsogelea. Ndipo aliposimama Bwana Farhan, mwenyekiti wa kamati ya wazazi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu mnene wa kuaminika. Mkononi alikuwa na bahasha iliyovimba.

"Mie sina maneno mengi," alisema Farhan. "Chochote atakachoweka mgeni rasmi sasa hivi, mie naweka kama hicho. Akitoa bahasha, natoa bahasha."

Gaspar alihisi nusu ya mahari inampiga kifuani, upande wa moyo. Hesabu ilijifanya yenyewe: nusu yake, na nusu kama hiyo ya Farhan, zote kapuni, na kapu ni lake. Mahari kamili, leo leo, mbele ya mashahidi. Alimfikiria Sekela akicheka. Akaingiza mkono ndani ya koti.

Alipoitoa ile bahasha, Mwinshehe alipiga magoti na maiki yake. Wazazi waliinuka. Simu zilikuwa juu, kila mtu anarekodi. Bahasha ya Gaspar iliingia kapuni, ya Farhan ikafuata, na mchungaji mmoja mzazi na sheikh mmoja mzazi wakaliombea kapu kwa zamu. Kisha kamati ikalibeba.

Gaspar alipoingia ofisini alikuta soda, sahani ya pilau, na jogoo aliyefungwa miguu, zawadi ya mgeni. Kapu halikuwepo.

"Madam, kapu?"

"Limeondoka na kamati. Wameshapanda gari la Farhan kwenda Kariakoo kununua vitambaa vya pamba. Wazazi wenye cherehani watashona wenyewe."

"Na makubaliano yetu?"

"Yapi? Yale ya kuwavisha watoto bitana?" Madam Jovina alimsogezea kijiko. "Twende nje tukayazungumze mbele yao. Bado wapo, wanakula."

Gaspar aliangalia dirishani. Bwana mmoja mwenye mikono mipana alimpungia kwa mapenzi makubwa. Akakaa.

"Angalau bahasha ya Farhan," alisema kwa sauti ya chini. "Tugawane hiyo."

"Ile ina picha za paspoti za wanawe. Alikuwa ameniletea za usajili."

Nakwambia ukweli, hapo hata mie nilimhurumia. Mwanaume alikaa na pilau mbele yake, akaikodolea macho bila kula.

"Mwezi mzima nilikuwa natafuta mgeni rasmi," Madam Jovina aliendelea, sasa kwa upole. "Kila mkubwa niliyempigia ana safari. Wanajua wakija watachangishwa. Nikamwambia Mungu, sasa watoto watavaa nini? Kesho yake ukaingia wewe, kwa miguu yako mwenyewe, umevaa suti."

Kuhusu Madam mwenyewe, sitaki kuapa kwa niaba ya mtu. Barakoa zilishonwa, tena nzuri, za tabaka mbili, na darasa la nne la Mwinshehe lilikaa nazo mpaka mwisho wa muhula likipumua vizuri tu. Ila wapo waliosema ofisi ilipata feni mpya wiki ile ile, na feni haishonwi kwa pamba.

Gaspar alitembea mpaka kituo cha daladala cha Rangi Tatu na jogoo wake kwapani. Alikuwa na siku mbili za kutafuta mahari nzima, na hamu ya kumdanganya mtu yeyote ilikuwa imemtoka. Alitaka kumpigia Sekela amwambie ukweli, jambo ambalo hakuwa na uzoefu nalo. Alivyokuwa anajaribu kupanga sentensi ya kwanza, simu ikaita yenyewe.

"Mkwe."

Ilikuwa sauti ya Mzee Mwaipopo. Mzee huyu tangu wafahamiane alikuwa anamwita "wewe kijana".

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Marahaba sana. Tumeiona."

"Mmeona nini, baba?"

"Video. Imeingia kwenye grupu la ukoo, wote tumeiangalia. Bahasha nzima, mwanangu, kwa watoto wa watu. Shangazi yake Sekela analia mpaka sasa."

Gaspar aliegemea nguzo ya umeme. "Na yule bwana wa bandarini?"

"Tumemrudishia barua yake."

Dunia ilirudi mahali pake. Jogoo alianza kufurukuta na Gaspar akamwacha afurukute. Akajikohoza, akatafuta ile sauti yake ya asali.

"Baba, kuhusu Jumamosi, nilikuwa naomba kwa unyenyekevu..."

"Nisikilize kwanza. Tumekaa kikao cha ukoo mchana huu, na tumeona tulikukosea. Tulikutajia mahari ya mtu anayehangaika. Mtu wa kiwango chako, anayetoa hivi kwa wasiomhusu, kumtajia vile ni kumdharau. Kwa hiyo tumeongeza."

Gaspar akaikumbatia ile nguzo.

"Upo, mkwe?"

"Nipo, baba."

"Mara mbili tu, hatutaki kukuumiza. Na shughuli ya Jumamosi usihangaike kutafuta MC. Yule mwalimu tumempenda, tumeshaongea naye. Anasema mnafahamiana."