Ushahidi wa Jogoo Mmoja

Mbonile, mwandishi wa barua nje ya mahakama ya Sumbawanga, alimwona Urbano akitoka kwa karani amenuna, na papo hapo akanusa riziki.

Urbano alikuwa muuza duka la kijiji cha ujamaa, kule Kasense. Gunia la sukari limetoweka, kufuli ni zima, na ufunguo alikuwa nao yeye. Kesi ilikuwa keshokutwa, jela inamnyemelea, na karani amekataa katakata kumwonyesha jalada.

"Utajitetea vipi kwa jambo usilolijua, Ndugu?" Mbonile alimhurumia, na huruma yake ilikuwa na bei. "Mimi nitakunakilia jalada zima. Niletee jogoo."

Jogoo akaletwa, akafungwa kwenye mguu wa meza ya Mbonile akingoja Jumapili. Mbonile hakuwahi kuligusa jalada lolote la mahakama, wala hakuona haja. Sukari ile aliiiba yeye. Mwingine angebuni uongo wa hovyohovyo, lakini yeye alikuwa fundi, na fundi huona haya kutoa kazi mbovu. Aliandika jinsi mwizi alivyopanda paa, akang'oa bati la kona ya nyuma, akashukia pipa la mafuta ya taa, kisha akalirudishia misumari kwa jiwe lililoviringishwa kitambaa. Alipomaliza akajisomea mara mbili, akafurahi kwelikweli.

Siku ya kesi alikaa benchi la nyuma, kutazama. Mashahidi wakasema: kufuli, ufunguo, basi.

"Mshtakiwa, unasemaje?" aliuliza hakimu.

Urbano, aliyefanya mazoezi siku mbili, akasimama akiburura mguu. "Mheshimiwa, goti hili halikunjiki tangu utoto wangu. Nitapandaje paa? Bati la nyuma nitaling'oaje?"

"Bati gani?" Hakimu alilipekua jalada mbele na nyuma. "Humu hamna bati."

"Limo, Mheshimiwa. Nakala ninayo."

Askari akatumwa Kasense kwa baiskeli. Alirudi mchana na habari ya misumari iliyopinda na alama za viatu juu ya pipa. Hakimu akaiinua ile nakala aliyokabidhiwa na Urbano. Mwandiko ule wenye mikia mirefu nani asiyeujua? Nusu ya barua za posa za mji mzima ziliandikwa nao.

Siku za mwizi ni arobaini, na Mbonile ya arobaini alijiandikia mwenyewe. Walimkamatia mlangoni. Urbano alirudi nyumbani akichechemea, jogoo kwapani, akicheka peke yake njia nzima.

Jioni mlango wa rumande ukagongwa kwa nguvu kutoka ndani.

"Afande! Mtu ana haki ya kujua anashtakiwa kwa ushahidi gani! Nionyesheni ushahidi wangu!"

"Ah, Ndugu Mbonile," askari akajibu, "si uliuandika mwenyewe?"