Wagonjwa Wangu Wanne wa Tangini

Jumapili, 4 Agosti

Mwanangu ameondoka leo asubuhi. Daktari wangu! Bado mwaka mmoja awe daktari wa mifugo kamili, lakini mimi nilianza kumwita hivyo siku ile ile ilipokuja barua ya chuo, ili azoee. Amekwenda shamba la ng'ombe wa maziwa kwa mafunzo. Atarudi Ijumaa ya tarehe 16.

Ameniachia tangi la vioo pale sebuleni. Samaki wanne wa dhahabu, Namba Moja hadi Namba Nne. Si pambo lile, ni utafiti! Anawachunguza siku thelathini, kisha Jumatatu ya tarehe 19 anasoma ripoti mbele ya walimu wake. Ripoti ikikataliwa, anarudia mwaka. Amenieleza mara tatu kama vile mimi ndiye mtoto. Chakula kijiko kimoja kwa siku, kile kidogo cha plastiki, tena kisawazishwe. Maji nisiyaguse. Chujio nisiliguse. Kila siku niandike kwenye daftari lake: wamekula nini, maji yana joto gani, wana tabia gani.

Nikamwambia anaongea na mtu wa hospitali, miaka kumi na tisa kazini. Akasema, Mama, wewe uko jikoni. Nikamjibu kwamba hospitali isiyo na jiko ni stendi ya basi yenye vitanda. Akacheka, akanikumbatia, akaninong'oneza sikioni: kijiko kimoja.

Jumatatu, 5 Agosti

Kijiko kimoja! Nimekishika mkononi nikaona haya kwa niaba yake. Chembe saba, nane. Wodi ya watoto wachanga ingeandamana.

Nikawapa hata hivyo. Wamemaliza kabla sijafunika kopo. Kisha wakaja wote wanne kwenye kioo, wakasimama mstari mmoja, midomo wazi, wakinitazama mimi. Mimi! Sisi jikoni tuna kanuni yetu: sahani ikirudi tupu, mgonjwa anapona, ikirudi imejaa, aitwe daktari. Hapa sahani imerudi tupu. Nikaongeza. Ikarudi tupu tena. Jumla vijiko vinne, na chembe za wali kwa ajili ya nguvu.

Kwenye daftari nimeandika: "Kijiko 1. Wachangamfu." Uchangamfu ni kweli kabisa.

Jumatano, 7 Agosti

Siwezi kuwaita kwa namba kama wafungwa. Namba Moja ni Mheshimiwa: mnene, haharakishi, husubiri wengine wampishe. Namba Mbili ni Bibi Harusi, mweupe, mkia unaburuta nyuma. Namba Tatu, yule mdogo anayezunguka pembe zote kama anakagua, ni Karani. Namba Nne ni Mzembe. Hana haja ya maelezo.

Sasa habari kubwa. Bibi Harusi ana tumbo! Tumbo la waziwazi, limekaa mbele, na mwendo wake umekuwa mzito. Mimi nimezaa, siwezi kudanganywa. Mjamzito!

Nimepanda ghorofa ya juu kumwambia Mama Pacha. Sikutaka kujisifu, nilikwenda kuomba kitunguu. Lakini jirani huyu ana wajukuu wawili na kila siku lazima nisikie meno yao yameota, sijui wametambaa. Nikamwambia kwamba kwangu wanategemewa pengine mia mbili. Akanitolea macho. Akasema samaki si wajukuu. Nikamwambia wivu unamzeesha.

Bibi Harusi ameongezewa vijiko viwili. Anakula kwa ajili ya wengi.

Alhamisi, 8 Agosti

Wanawake wanne wa jengo hili walikuwa waje kumtazama mama mtarajiwa. Nikaona sponji ya chujio ina utelezi wa kahawia. Aibu gani hiyo mbele ya wageni! Nimeitoa, nimeifua kwa sabuni ya unga, nimeisuuza, ikawa nyeupe kama shuka la wodi ya kulipia. Baba watoto, ambaye ni fundi saa na huona kila kitu hata kisicho na haja ya kuonwa, akauliza kama si hiyo niliyokatazwa kuigusa. Nikamwambia nilikatazwa kuigusa chafu.

Wageni wamependa sana. Mama Pacha naye alikuja, akasimama muda mrefu karibu na kioo, mkono mmoja ndani ya kanga. Sikuelewa kwa nini.

Daftari: "Kijiko 1. Maji safi."

Ijumaa, 9 Agosti

Maji yamekuwa kama ya kuoshea mchele. Samaki wote wako juu, midomo nje, wanahema. Mashavu yao mekundu. Bibi Harusi anapumua haraka haraka.

Uchungu umeanza!

Nimeomba ruhusa kazini. Nimekaa kwenye kiti mbele ya tangi tangu saa nne asubuhi. Nimemwambia apumue taratibu. Saa saba hakuna kitu. Saa tisa hakuna kitu. Mama Pacha akachungulia mlangoni akasema kama ni uchungu, mbona Mheshimiwa naye anao? Nikamwambia wapo waume wanaowapenda wake zao kiasi hicho. Akasema yeye anaona wana kiu. Kiu! Ndani ya maji! Na huyu ndiye analea wajukuu.

Lakini moyoni nimeanza kuogopa. Chakula cha jioni kimebaki kinaelea. Sahani imerudi imejaa.

Jumamosi, 10 Agosti

Nimempeleka Bibi Harusi kwa muuza samaki wa mapambo, ndani ya chupa ya jamu. Njiani nilimgusa paji la uso. Baridi. Homa hana.

Muuza samaki amemgeuza kwenye mwanga, akaangalia vidoti vyeupe kwenye mashavu, akaniuliza ni nani aliyeniambia huyu ni jike.

Bibi Harusi ni dume.

Nilisimama pale nimeshika kifuniko cha jamu. Watu mia mbili wamefutika hivi hivi! Na nimeshamwambia Mama Pacha!

Kisha akaniuliza swali la maana: mama, unawalisha kiasi gani kwa siku? Hapo mlangoni kuna mteja mwingine anasikiliza. Nikasema kijiko kimoja, kama alivyoagiza mwanangu, daktari. Chujio je, limeguswa? Hata kidogo. Akakuna kidevu. Akasema kama ni hivyo, basi si maji wala si chakula, labda ni wadudu. Akanipa dawa ya buluu.

Sasa maji ni ya buluu. Mikono yangu ni ya buluu. Baba watoto amekunywa chai bila kuuliza chochote, mabega yakimtikisika.

Jumapili, 11 Agosti

Karani amekufa.

Nimemkuta asubuhi chini kwenye kona yake, ile ile aliyokuwa anaikagua. Mdogo kiasi kile. Nimemfunga kwenye leso yangu nzuri. Mheshimiwa amelala ubavu, pezi moja linapunga kama anaaga watu uwanjani.

Saa sita mwanangu akapiga simu. Nilimwambia. Akasema, kwa sauti ya udaktari, Mama, nisomee daftari, siku kwa siku. Nikasoma. Kijiko kimoja, kijiko kimoja, kijiko kimoja. Maji safi. Wachangamfu.

Akasema haelewi. Kwa chakula hicho na tangi lile, hawakupaswa kuumwa. Basi kosa ni lake yeye. Amepanga tangi vibaya tangu mwanzo. Akasema kesho jioni atawaandikia walimu kwamba anaiondoa ripoti, na kwamba labda kazi hii si yake.

Si yake! Mtoto aliyemfunga mjusi bandeji akiwa na miaka sita!

Nilifungua mdomo nimwambie. Nikasema salio limekwisha, nikakata. Yeye ndiye aliyepiga.

Jumatatu, 12 Agosti

Leo nimepeleka uji wodini na vijiko vikawa havitoshi. Hata vijiko vinanisema.

Mapumziko ya saa nne nikaingia stoo ya unga, nikafunga mlango, nikampigia. Nimemwambia yote kwa pumzi moja. Vijiko vinne, sita siku za furaha. Wali. Sponji na sabuni ya unga. Mimba, vidoti vyeupe, dawa ya buluu. Nilimwambia daftari lake halina kosa, mwandishi ndiye mwenye kosa, na akithubutu kuwaandikia walimu nitakwenda mwenyewe chuoni na aproni yangu.

Kisha nikasikia kitu, nikadhani analia. Anacheka! Anacheka na kulia pamoja. Akasema, Mama, uliwalisha mpaka wakajitilia sumu. Chakula kilichobaki na kinyesi chao vimeoza vikatoa amonia, inawachoma mashavu. Wadudu wema wanaoila hiyo amonia walikuwa wanakaa kwenye ule utelezi wa sponji. Wale nimewafua mimi. Na vile vidoti vyeupe? Ndiyo dalili kwamba Bibi Harusi ni dume aliyekomaa. Si ugonjwa.

Kisha maagizo, nami nikaandika kwenye gunia la unga. Chakula hakuna siku tatu. Kila siku toa theluthi ya maji, weka mapya yenye joto lile lile, yaliyotiwa matone ya kuondoa klorini. Pampu ya hewa isizimwe. Sponji isiguswe, na ikibidi sana isuuzwe kwa maji ya tangini, bila sabuni.

Jioni nikamweleza baba watoto nimekiri. Akavua miwani yake ya kutengenezea saa. Akasema na yeye ana jambo. Kila alfajiri kabla ya kushuka dukani alikuwa anawapa vijiko viwili, kwa sababu walikuwa wanamtazama. Tukapanda juu kwa Mama Pacha, nikamuuliza ule mkono ndani ya kanga ulikuwa na nini. Akainamisha kichwa. Mkate.

Jumanne, 13 Agosti

Siku ya pili bila chakula. Ni mateso makubwa, na wao nadhani wanaumia pia. Mzembe amekuja kwenye kioo, akafungua mdomo. Nimegeuza kiti. Akanizunguka upande wa pili!

Ndoo nimebeba mwenyewe. Baba watoto anapima joto la maji kwa uangalifu kama anarekebisha saa ya mkononi. Mama Pacha amekuja na ndoo yake bila kuitwa. Alimwangalia Mheshimiwa aliyelala ubavu, akasema polepole, simama baba, simama. Nikaona si mtu mbaya.

Alhamisi, 15 Agosti

Amesimama! Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Mheshimiwa amenyooka, akaenda katikati ya tangi, akasubiri wengine wampishe. Nilipiga kigelegele peke yangu sebuleni. Maji yanaonekana mpaka ukuta wa nyuma. Tumbo la Bibi Harusi limeshuka. Nimeendelea kumwita Bibi Harusi. Yeye hajalalamika.

Ijumaa, 16 Agosti

Karudi! Amekonda, ananukia ng'ombe, mzuri kuliko wote. Aliweka mkoba chini akaenda moja kwa moja kwenye tangi kabla ya kunisalimia, nami sikukasirika. Akawahesabu. Watatu. Akauliza Karani alikuwa kona gani, nikamwonyesha. Akasimama pale kidogo.

Kisha akatukalisha mezani sote watatu, mimi, baba yake na Mama Pacha, kila mtu na kalamu. Hakuna kula mpaka kila mmoja aandike ukweli, siku kwa siku, kijiko kwa kijiko. Mama Pacha alipinga kwamba mkate haupimwi kwa vijiko. Daktari wangu akasema, basi andika vipande, mama mdogo. Akaandika. Sauti ile! Nilitamani hospitali nzima ingesikia.

Jumatatu, 19 Agosti

IMEPITA! Walimu wameisoma ripoti mara mbili. Wamesema wanafunzi wengi huleta samaki wazima na takwimu nzuri, lakini huyu amefuatilia sumu ya amonia tangu kijiko cha kwanza mpaka mgonjwa wa mwisho kusimama, na aliweka hata takwimu za uongo kando ya za kweli ili ionekane jinsi tiba inavyopotoshwa. Alama za juu kabisa!

Niliomba nione jina langu. Kumbe majina hayawekwi. Ukurasa wa kumi na moja kuna Mlishaji A, Mlishaji B na Mlishaji C. Mimi ndiye A! Nimepanda juu na ripoti mkononi kumjulisha Mama Pacha kwamba yeye ni C. Amenuna.

Jumanne, 20 Agosti

Habari zimeenea jengo zima kwamba nyumba yangu imetibu samaki mpaka chuoni wakaandika. Leo mwalimu mstaafu wa ghorofa ya chini amegonga mlango, amekumbatia kasuku wake ndani ya taulo. Siku mbili hasemi neno, manyoya yamesimama, anakaa pembeni ya tundu. Alikuwa anamtaka daktari. Nikamwambia daktari yuko darasani, lakini amebahatika, yupo aliyemfundisha.

Nimemtazama kasuku machoni kwa makini. Akanitazama na yeye. Nimeshaugundua ugonjwa. Nimemkalisha mwalimu kwenye kochi, nikamwambia aondoe wasiwasi, hapa tunafuata utaratibu wa kitabibu, hatukurupuki kutoa dawa.

Kwanza kabisa, ale.