Saa Iliyopendwa na Nzi

Jumamosi, 6 Disemba 2025

Nimeanza daftari. Kanipa mjukuu wangu Hanin, asema babu maneno yako ni mengi, mengine yaandike tupumzike. Shule sikwenda. Herufi nilifunzwa kwenye ngumbaru, mvi zimeshatoka. Mwalimu alisema hajapata kuona mwandiko kama wangu. Akaenda kuwaita walimu wenziwe waje waone.

Ijumaa inakuja posa ya huyo Hanin. Kijana ni Sami, karani wa bandarini Kilindini. Mtoto mzuri, lakini ananinyang'anya mke wangu mdogo, kwa hivyo bado sijampenda. Wageni watapokewa kwangu, juu sebuleni. Si kwa Abdulkadir. Huyo ni babu yake Hanin wa upande wa baba, fundi saa, nyumba yake yatazamana na yangu, kichochoro kati. Kwa desturi posa ingekwenda kwake, ila sebule yake ni kama kabati. Tangu nishinde hilo namsalimia mara tatu kwa siku.

Taabu ni nzi. Nyumba imejaa. Mejumaa, mke wangu mkubwa na wa pekee, keshatoa hukumu: Alhamisi baada ya alasiri atakagua. Akiona nzi mmoja, posa yavuka kichochoro.

Nimemwambia nzi ni kazi ndogo. Marehemu babu yangu alimfukuza chui kwa kukohoa tu. Mejumaa akauliza chui huyo alikuwa mzima au picha.

Nimekaa kufikiri, na kipande cha halwa. Daktari amenikataza sukari, na Mejumaa ndiye askari wake. Basi halwa yangu yakaa ndani ya saa kubwa ya ukutani. Imesimama miaka thelathini, na ufunguo ninao mimi. Abdulkadir ameomba kuitengeneza hata amechoka. Simpi. Saa ikitembea halwa itakaa wapi?

Jumapili, 7 Disemba

Mwenye bucha wa Majengo hufukuza nzi kwa kutundika chupa za maji. Nzi akijiona ndani ya maji sura yake yamtisha, yuakimbia. Nimetundika chupa kumi na moja. Mejumaa asema kama ni sura ya kutisha, ningesimama mlangoni mwenyewe, chupa za nini.

Saa sita Purity, mpangaji wetu wa chini, yule afanyaye kazi reli, alipanda kuleta barua. Chupa ya tatu ikampata kipajini. Ameketi kidogo, amekunywa maji, ya hiyo hiyo chupa.

Nzi wametua juu ya chupa. Wanapumzika. Wengi zaidi wako kwenye saa. Nzi wa Mji wa Kale, wajua kitu cha thamani.

Jumanne, 9 Disemba

Moshi. Kwa nini sikuanza na moshi?

Nilijaza chetezo majani ya mwarobaini mabichi, nikaongeza ubani, nikaongeza kipande cha mkeka mkuukuu kuupa moshi nguvu. Nguvu ilipatikana. Mimi mwenyewe sikuona mlango ulipo. Kichochoroni watu wakapiga kelele moto, moto, na Kenga, muuza maji wa mkokoteni, maskini ana moyo mzuri, akapanda ngazi mbio na mitungi miwili, akanimwagia yote. Nikamwambia hakuna moto. Akasema basi maji ni sadaka.

Nzi walitoka wote. Nilisimama barazani nimerowa, nikawaambia majirani waone kazi ya mtu asiyesoma. Abdulkadir alikuwa dirishani na miwani yake ya kutazamia saa. Akaniita mkwe mwenzangu, akauliza hao wanaorudi kwa dirisha la nyuma ni nani.

Jumatano, 10 Disemba

Nimekwenda Makupa kwa Dishon, auza vitu vya umeme. Amenipa raketi ya kuulia nzi, ukibonyeza yalia cheche. Dishon asema nzi hapiti hapo. Nimeua nzi sabini. Haya, saba. Mmoja huenda alikuwa zabibu. Pia nimejipiga goti, mguu ukaruka peke yake hata nikaona bado nina ujana.

Kisha ikanijia akili. Nzi hafukuzwi. Nzi hualikwa kwengine. Nilichukua sahani nzuri ya Mejumaa, nikapanga embe mbivu zilizoiva kweli kweli, nikanyunyiza sukari, nikavuka kichochoro kwa kunyata nikaiweka dirishani kwa Abdulkadir. Nikarudi kungoja msafara uhame.

Nilisahau kitu kimoja. Sahani ya jirani hairudi tupu.

Kabla ya alasiri Afaf, mkewe Abdulkadir, alipanda na sahani yetu. Amefurahi hata machozi. Asema miaka yote hii alidhani mimi na mumewe hatupendani, kumbe nampelekea embe kimya kimya bila kutaka kusifiwa. Sahani imejaa kaimati zaogelea katika shira. Nyuma yake nzi wote wa kwake wamefuatana kama watu wa harusini.

Mejumaa akanitazama. Kaimati amezigawa kwa watoto wa kichochoroni. Mbili zilipotea njiani, zikaingia ndani ya saa.

Alhamisi, 11 Disemba

Siku ya hukumu. Tangu asubuhi nimewatazama nzi, na nimegundua jambo ambalo madaktari wakubwa hawalijui: wakati wa adhuhuri wote hutua kwenye saa. Sababu siijui. Labda ni mbao yake.

Nikachukua kanga pana, nikaifunika saa ghafla, nikaibana pembe zote kwa misumari. Kimya. Nyumba nyeupe.

Mejumaa alikagua. Meza, mapazia, mito, hata nyuma ya sikio langu. Hakuna nzi. Akauliza mbona saa imevaa. Nikamwambia ni heshima ya wageni. Akacheka, akasema mzee leo umenishinda. Sikumbuki lini alisema hivyo mara ya mwisho. Posa iko hapa. Hanin amenibusu kichwa.

Ijumaa, 12 Disemba

Sikukuu ya Jamhuri, kazini hakuna mtu, wamekuja wote. Sami, wazazi wake, bibi yake, na babu yake Huzaifa, ndiye msemaji wao. Udi wanukia, masinia yamepangwa, nzi hakuna hata wa dawa. Nilikuwa nimefika kwenye kisa cha chui.

Hapo Abdulkadir akasimama na kisanduku chake cha vyuma. Asema ameona aibu, amekula embe za mkwe mwenziwe naye hajatoa kitu. Basi leo ataitengeneza saa hii, ipige kengele siku ya Hanin. Nikasema hapana haja. Akasema ipo. Akang'oa kanga.

Sitaandika yote. Walitoka kama moshi wa Jumanne. Kwenye sambusa, kwenye sharubati, kwenye buibui la bibi yake Sami. Abdulkadir naye, fundi, hata ufunguo hakuuliza, kaufungua mlango wa saa kwa waya. Halwa ratili nzima, na kaimati mbili zimegandia kwenye timazi, kile chuma kibembeacho.

Wageni wote wakanigeukia. Nilikuwa na maneno mengi, nilikuwa na uongo mzuri kabisa wa kusema. Lakini nikamwona Hanin nyuma ya pazia, mkono mdomoni. Nikasema halwa ni yangu na nzi ni wangu, mtoto hana kosa, msimhesabie.

Huzaifa akainuka. Nikajua wanaondoka. Akaenda mpaka kwenye saa, akakata kipande kwa kidole, akakitia mdomoni, akafumba macho. Akauliza, ya iliki? Nikasema ya iliki. Akasema yeye yake huificha ndani ya kiatu cha Idi.

Bibi yake Sami akasimama. "Kumbe ndio sisimizi wale!"

Mejumaa akamshika mkono, wakaketi pamoja, wakaanza kutusema mimi na Huzaifa tangu ujana wetu. Walicheka hata masinia yakapoa. Hanin akacheka nyuma ya pazia, Sami akasikia, akatabasamu kama mjinga. Posa imekubaliwa. Huyu kijana sasa nampenda kidogo.

Jumapili, 14 Disemba

Nimewaeleza watu wa barazani jinsi nilivyopanga yote tangu mwanzo, ili familia mbili zipatane. Abdulkadir alikohoa. Kikohozi cha kawaida, hata paka hakukimbia.

Saa yatembea, yapiga kila saa, haifai tena. Na Huzaifa ameleta halwa yake pia nimuwekee, kwake viatu vyote vinakaguliwa. Nimezitia zote mbili ndani ya redio kubwa ya zamani. Mahali hapo hata shetani hafiki.

Asubuhi hii Mejumaa amesimama hapo muda mrefu. Anauliza kwa nini redio yavuma na haijawashwa. Nimemwambia ni stesheni ya mbali, leo haishiki vizuri.