Maji Yanayopotea Kwenye Gari ya Baba Joachim

Jumatatu, 14 Julai

Baridi ya kung'ata masikio. Nimefungua boneti, maji ya rejeta yamepungua tena! Glasi moja na nusu. Nimepima kwa glasi ileile tangu Ijumaa. Chini ya gari pakavu kabisa. Nilitandika shuka jeupe la wageni huko chini, nimekuta kinyesi cha kuku tu.

Sasa yameenda wapi? Maji hayana miguu.

Mwanangu Joachim amepiga simu kutoka Dodoma. Pasaka mshale wa joto ulipanda akiwa anaendesha yeye, tangu hapo hana amani. Amesema gari ya turbo si gari ya mama wa miaka sitini na moja. Anakuja Jumamosi. Ataiendesha mpaka Matogoro na kurudi. Maji yakipungua hata tone, anamuuzia Mwalimu Bakili wa jirani, mwisho wa maneno. Nimemjibu sawa baba. Nimekata simu, nimelia kidogo, nimekunywa uji.

Hajui. Sijamwambia mtu. Tangu Kwaresima, gari ikipata moto inatoa harufu ya asali. Baba Joachim, Baltazar wangu, alikuwa bwana nyuki, miaka mingapi anabeba masega humo ndani! Alipofariki mwaka juzi harufu ikaondoka naye, gari ikabaki kunuka vumbi. Sasa amerudi. Kwenye ile kona ya kupandia mlima Matogoro ndipo anaponukia zaidi. Nikifika hapo nazima redio, nampa habari za nyumbani.

Na wao wanataka kumuuza!

Jumanne, 15 Julai

Mwizi nimemjua. Mwalimu Bakili! Yeye ndiye anayeitaka gari. Kila akipita ni shikamoo mama, gari inasemaje. Mtu mwema haulizi gari inasemaje. Tena ni mgeni hapa mtaani Lizaboni, amehamia mwaka jana kutoka Tanga, na nyumba nzima wanakunywa chai kutwa. Maji wanatoa wapi?

Nimefunga uzi mweusi kwenye boneti, akifungua utakatika. Nimekaa barazani tangu asubuhi nachambua maharage, jicho moja kwenye gari. Maharage ya mwezi mzima yamekwisha. Alipopita nimemwitikia marahaba kwa ukali mpaka madaftari yakamwanguka.

Jioni uzi mzima. Nimefungua, maji hayajapungua hata kidogo! Nikashangilia, ameniogopa. Halafu nikakumbuka gari leo haikutoka.

Kumbe yanapungua nikiendesha. Basi Mwalimu ananifuata njiani? Haiwezekani. Hana hata baiskeli.

Jumatano, 16 Julai

Wakati nakoroga uji nimemkumbuka mama yangu. Alikuwa mpika pombe ya komoni hodari. Mtungi ukivuja bila kuonekana, aliupaka unga mkavu kwa nje, akamimina maji ya moto ndani. Unga unapolowa ndipo penye ufa. Mtungi na injini vina tofauti gani? Vyote vinachemka.

Nimechukua unga wa muhogo kilo mbili. Nimenyunyiza injini nzima mpaka ikawa kama bibi harusi. Nimewasha, nimeshika njia ya Mfaranyaki.

Yesu na Maria! Feni ikaupuliza. Vumbi jeupe likatoka mbele, likatoka chini, likanifuata mpaka ndani. Watu wa bodaboda wakapiga kelele mama anaungua! Mmoja akasema haungui, anapika. Nikaingia kwa fundi Tadei, ambaye ndiye alikuwa anaitengeneza gari hii enzi za Baba Joachim. Uso wangu mweupe mpaka kope.

Amenipa pole shemeji, kisha akaniuliza kama siku hizi injini ni sufuria. Juu ya turbo unga ulikuwa umeganda na kuungua, ukoko mtupu. Amesema kilichobaki ni mboga.

Lakini katikati ya ukoko palikuwa na mstari uliolowa! Hapo akaacha kucheka. Ameufuata kwa kidole mpaka kwenye kimpira kidogo kinachopeleka maji kwenye turbo. Klipu yake imelegea. Gari ikiwa baridi hakitoi kitu. Ikipata moto maji yanasukumwa, yanatoka tone tone, yanaangukia turbo, yanakauka kabla ya kufika chini. Ndiyo maana shuka langu lilikuwa kavu. Mama yangu alikuwa fundi!

Halafu, huku anafuta mikono, akasema lazima humo ndani nilikuwa nasikia harufu tamu. Ni kulanti hiyo shemeji, ile dawa ya maji ya rejeta, ikiungua hunukia hivyo.

Nimemwambia anyamaze. Nimefunga boneti mwenyewe. Nimeondoka.

Alhamisi, 17 Julai

Sijaenda popote. Nimekaa garini, imezimwa, mikono kwenye usukani. Ni humuhumu Baba Joachim alimonifundisha kuendesha, kwenye njia ya Matogoro, nyuma kuna mizinga mitatu. Akasema breki. Nikakanyaga kwa roho yote. Mzinga mmoja ukapinduka, nyuki wakatoka, sisi tukatoka, gari ikabaki inaunguruma peke yake. Tukajificha kwenye mahindi ya watu. Mdomo wake ulivimba kama andazi na bado anacheka, ananiambia nimefaulu, maana gari ilisimama.

Fundi anajua nini.

Ijumaa, 18 Julai

Nikiziba, Baltazar wangu anaondoka. Nisipoziba, gari inaondoka naye akiwa ndani. Nimesali rozari nzima, jibu halikuja. Nimekwenda kwa fundi.

Ameweka kimpira kipya na klipu mpya. Nimemtolea bisibisi ya Baba Joachim yenye mpini wa mninga, isije ikasemwa mwenyewe hakushirikishwa. Nimeangalia anavyokaza. Kulia. Nikauliza, na kulegeza? Amesema kushoto, akataka kujua kwa nini nauliza. Nimemjibu elimu haina mwisho.

Njia yote ya kurudi hakuna asali. Nimesikia vumbi, na muhogo wa kuchoma.

Jumamosi, 19 Julai

Joachim amefika, amekonda. Hata hajala vizuri, tumepanda garini. Mwalimu Bakili alikuwa amesimama kwenye ua wake, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

Tumekwenda, tumerudi, tumesubiri gari ipoe. Joachim amefungua. Maji yako palepale kwenye mstari! Mwalimu amekuja kunipa mkono, amesema hongera mama, mali ikae na mwenyewe. Baadaye mkewe ameleta sahani ya vibibi, vile vimkate vya mchele vya kwao Tanga. Nimekula vinne ndipo nikakumbuka kwamba simwamini.

Gari inabaki.

Lakini nitaandika na hili. Pale konani Joachim alipunguza mwendo, akazima redio. Akavuta pumzi ndefu. Nikadhani ananusa unga. Akauliza, bila kunitazama, ile harufu ya baba iko wapi. Pasaka aliisikia, akaona aibu kusema.

Nimemwambia labda upepo.

Jumapili, 20 Julai

Joachim ameondoka na basi la alfajiri. Nimekwenda misa ya kwanza, nimeomba msamaha mapema, kwa jambo ambalo nilikuwa bado sijalifanya.

Bisibisi ya mninga. Kushoto. Nusu mzunguko, si zaidi.

Nimeendesha mpaka konani, hakuna harufu. Nikavunjika moyo. Nikageuza, nikaupanda mlima tena kwa gia ya pili, turbo ikapiga mluzi, halafu ikaja! Ikajaa mpaka kwenye kitenge changu. Nimezima redio. Nimemweleza yote, unga, ukoko, watu wa bodaboda, Joachim alivyovuta pumzi. Krismasi nitamwachia mtoto aendeshe yeye, taratibu, mpaka hapa.

Nimerudi, gari imepoa, nimepima. Glasi moja na nusu. Nimejaza mpaka kwenye mstari. Halafu nimefunga uzi mweusi kwenye boneti, maana Mwalimu Bakili amepita na kuniuliza gari inasemaje.