Usaili wa Maziwa na Juisi

Kwa heshima na taadhima, ninayo furaha kuutangazia umma kwamba Idara ya Ulinganishaji imekamilisha kazi kubwa kuliko zote tangu iundwe. Imelinganisha maziwa na juisi ya matunda. Wapo wanaonong'ona kwamba kazi hiyo ingemalizwa na mtu mmoja anayejua kusoma, tena kabla chai yake haijapoa. Hao ni watu wasiojua utaratibu, na ndiyo maana hawana ofisi.

Mimi ni katibu wa Idara. Kwa miaka kumi na tisa nimeandika mihtasari ya ulinganishaji wa feni na dirisha, kalamu na penseli, ngazi na lifti. Ngazi zilishinda kwa sababu lifti haikufika. Katika mihtasari yote hiyo sijakosea hata nukta moja. Nasema hivi si kwa kujisifu, bali kwa kuwa hakuna mwingine aliyejitolea kunisifu.

Mambo yalianzia ghorofa ya chini. Pale kuna chekechea ya watoto wa watumishi, watoto arobaini na mmoja, akiwemo binti yangu, kitinda mimba. Kila saa nne asubuhi mpishi wao, tunayemwita Mama Mwiko, huwapa kikombe kimoja kimoja. Leo maziwa, kesho juisi ya machungwa au ya embe, kutegemea alichokikuta sokoni. Siku moja Mkurugenzi Mkuu alipita hapo akielekea kwenye gari, akaona watoto wana sharubu nyeupe. Kesho yake akapita tena, akaona sharubu za njano. Akasimama, akashika kiuno.

"Katibu," akaniambia, "hawa watoto wanakunywa bila sera."

Nilishtuka sana. Nilikuwa nikimpeleka mwanangu pale kila siku bila kuiona hatari hiyo.

Jioni waraka ukatoka. Vinywaji vyote vilisitishwa mpaka Idara ibaini kipi kina lishe bora. Kwa wakati huo watoto wangepewa maji, kwa kuwa maji hayajawahi kulinganishwa na chochote na kwa hiyo hayana upande.

Asubuhi iliyofuata Mama Mwiko alipanda ghorofa nne na aproni yake kiunoni.

"Bosi, hawa watoto wanatoka kwao alfajiri," alisema, bado anahema. "Wengine wameonja chai ya rangi tu. Kile kikombe ndicho kinachowafikisha mchana. Nakuomba—"

"Hapana," alisema Mkurugenzi.

"Sijamaliza kuomba."

"Nami sijamaliza kukataa."

Hapa sina budi kueleza Waraka Namba Tisa, ambao Mkurugenzi aliutunga kwa mkono wake. Unasema kwamba ombi lolote likifikishwa mezani pa Mkurugenzi Mkuu naye akanyamaza kwa dakika moja kamili, limekubaliwa. Ni waraka wa huruma. Rafiki zake huja baada ya chakula cha mchana, wakati amesinzia, na hutoka na walichokitaka. Kwa watu wadogo hajawahi kunyamaza hata mara moja.

Sasa kamati ilihitaji fomu. Tukafungua kabati. Fomu pekee yenye safu mbili za kulinganisha ilikuwa Fomu Namba Saba, ya usaili wa watumishi wapya. Kuunda fomu nyingine kunahitaji fomu ya kuombea fomu, na hiyo iliisha mwaka juzi. Mkurugenzi akaigeuza Namba Saba upande huu na upande ule. "Inatosha," akasema. "Waiteni wasailiwe." Nami sikuona tatizo lolote.

Siku ya usaili, kikombe cha maziwa na glasi ya juisi viliwekwa kwenye benchi la ukumbini, kila kimoja na namba yake. Sheria inataka awepo mtaalamu wa lishe, kwa hiyo aliletwa dada mmoja mtulivu mwenye karatasi moja mkononi.

"Nimeshalinganisha," alisema akisimama. "Maziwa yana protini, yana mafuta, yana kalsiamu ya mifupa na meno. Juisi ina vitamini C, lakini sukari ni nyingi, na nyuzinyuzi za tunda zimebaki kwenye chujio. Wapeni watoto maziwa, na tunda walitafune zima zima. Basi."

Mkurugenzi alimtazama kwa masikitiko. "Wewe ni mdhamini wa mtahiniwa yupi?"

"Si wa yeyote."

"Basi subiri nje."

Akaenda kukaa kwenye benchi, karibu na juisi. Mtahiniwa wa kwanza akaingizwa kwenye sinia.

"Jieleze kwa kifupi," alisema Mkurugenzi.

Maziwa yalinyamaza.

"Umeona, Katibu? Hana makuu. Andika: mnyenyekevu. Uzoefu?"

Niliinakili karatasi ya yule dada, iliyokuwa imesahauliwa mezani. Mifupani na menoni, tangu utotoni.

"Vyeti?"

"Vitatu, Mheshimiwa. Protini, mafuta, kalsiamu."

"Udhaifu?"

"Ukimwacha juani anabadilika."

"Nani asiyebadilika?" alisema Mkurugenzi kwa upole, akampa alama zote za nidhamu.

Kisha ikaingia juisi. Sikatai, ilivaa vizuri kuliko mwenzake. Ila iliingia na nzi, nasi tukaandika kuwa mtahiniwa amekuja na mpambe bila kibali.

"Jieleze kwa kifupi."

Juisi ilinyamaza.

"Kiburi," alisema Mkurugenzi. "Andika. Vyeti?"

"Kimoja, cha vitamini C. Nyuzinyuzi anadai zilipotea njiani."

"Ana taarifa ya polisi ya kupotelewa?"

Hakuwa nayo. Mkurugenzi akatikisa kichwa. "Na hii sukari yote?" Juisi haikujibu. "Anaficha kitu," akaninong'oneza, na kwa kweli ilionekana hivyo.

Kujumlisha alama kulichukua wiki mbili, kwa kuwa jumla lazima ithibitishwe na mtu ambaye hakuijumlisha, na watu wa aina hiyo walikuwa semina. Watoto waliendelea na maji. Jioni moja nilirudi nyumbani nikamkuta binti yangu amelala sakafuni kabla chakula hakijaiva, kiatu kimoja mguuni.

"Baba watoto," mke wangu aliniuliza, "hicho kikombe kiliwakosea nini?"

Nikamweleza hatua tuliyofikia, pamoja na namba za kumbukumbu. Akaniangalia kama anavyoangalia mboga iliyoungua. Nilimvua mtoto kile kiatu nikaona aibu kubwa. Naomba hilo lisiingie kwenye muhtasari.

Hatimaye matokeo yakatoka. Maziwa alama themanini na moja, juisi arobaini na nne. Fomu ikapelekwa kwa Mkurugenzi aitie sahihi.

Mkurugenzi wetu hasomi fomu, huzijaza. Akiona nafasi wazi huandika cheo chake kwa herufi kubwa na kukipigia mstari. Aliwahi kufanya hivyo kwenye kadi ya harusi ya mpwa wake, mahali pa jina la bwana harusi, na wakwe hawajalisahau jambo hilo. Kwenye Fomu Namba Saba, chini ya jina la mshindi, pana sehemu wazi iliyoandikwa "Nafasi anayopewa". Akaandika MKURUGENZI MKUU, akatia sahihi, akagonga muhuri mara mbili kwa furaha.

Fomu ikashuka Utumishi. Utumishi hawasomi kilichogongwa muhuri. Asubuhi iliyofuata barua ilikuwa mezani kwangu: Ndugu Maziwa ameteuliwa kuwa Mkurugenzi Mkuu kuanzia leo, na Katibu ampokee ipasavyo.

Nilimpokea ipasavyo. Mtahiniwa wa siku ya usaili alikuwa ameshaganda, lakini barua ilitaja jina tu, haikutaja kikombe. Kwa hiyo nilimwomba Mama Mwiko alete mengine, mapya ya asubuhi hiyo, yaliyochemshwa. Nikaweka kikombe mezani, mbele ya kile kiti kikubwa cha ngozi, nikakifunika kwa kisahani.

Saa tatu Mkurugenzi wa zamani akafika. Mlinzi akanyoosha mkono mlangoni.

"Una miadi?"

"Wewe! Mimi ni Mkurugenzi!"

"Mkurugenzi yuko ndani, mzee wangu. Ameingia mapema, si kama yule wa mwanzo."

Nikamsomea barua. Alibadilika rangi. "Chana hiyo takataka!"

"Fomu yenye muhuri hufutwa na Mkurugenzi Mkuu peke yake, Mheshimiwa. Ni waraka wako."

"Si ndiye mimi?"

"Kwa sahihi yako mwenyewe, siye."

Kibarua chake kilikuwa kimeota nyasi, na aliyezipanda ni yeye. Lakini hakuwa mjinga. Aliukumbuka Waraka Namba Tisa. Angeingia, angeomba arudishiwe kiti, maziwa yangenyamaza dakika moja, na mambo yangekwisha. Akaukimbilia mlango.

"Foleni," alisema mlinzi, akimwonyesha benchi.

Kwenye benchi, mbele yake, alikuwa amekaa Mama Mwiko. Akainuka bila haraka, akafunga aproni vizuri, akaingia. Mimi niliingia na saa, kama katibu.

"Shikamoo, Mheshimiwa," alisema, akiinama kidogo. "Naomba watoto warudishiwe maziwa yao kila siku, na tunda la kutafuna, kama alivyosema yule dada wa lishe. Una pingamizi?"

Sijawahi kusikia ukimya mzuri kama ule. Dakika ikatimia. Nikaandika: limekubaliwa. Kwa furaha, nukta niliikosea.

"Na ombi la pili," Mama Mwiko akaendelea. "Saa nne inakaribia, na leo nimepungukiwa na kikombe kimoja, maana ulikichukua wewe. Naomba Mheshimiwa ushuke nami chekechea ukaanze kazi."

Mheshimiwa alinyamaza. Mama Mwiko akanyanyua sinia, tukapita mlangoni mbele ya yule aliyekuwa akisubiri zamu yake, tukashuka ghorofa nne. Binti yangu alikuwa wa mwisho kwenye mstari. Alimnywa Mkurugenzi Mkuu mzima bila kupumzika, akajifuta sharubu kwa mkono, akauliza kama yuko mwingine.

Nilipopanda tena, mlinzi alikuwa ameshamruhusu mzee aingie. Alisimama peke yake mbele ya meza tupu.

"Yuko wapi? Nina ombi!"

"Mkurugenzi hayupo, Mheshimiwa. Waraka unasema lazima awepo ndipo anyamaze."

"Atarudi lini?"

Nilimweleza kwa heshima kwamba hatarudi, kwamba nafasi itatangazwa, na kwamba naye anaweza kuomba kwa Fomu Namba Saba, akija na vyeti visivyopungua vitatu. Alikaa kwenye benchi. Jua lilikuwa limepanda, na tangu asubuhi alikuwa hajatia kitu mdomoni.

"Angalau nileteeni kitu cha kunywa," alisema.

Nikamletea maji, kwa kuwa hayana upande.